Gari Lililoningoja Siku ya Jamhuri

Niwataje kwanza waliokuwepo, maana habari isiyo na majina hugeuzwa njiani.

Nilikuwepo mimi, Tereza, mke wa marehemu Gabrieli Ntandu, wa hapa Ikungi. Alikuwepo Anjelina, mwanangu wa saba na wa mwisho, aliyeolewa Kenya. Alikuwepo Wafula, mume wa Anjelina, fundi wa kuchomelea mageti pale Kitengela, kwao hasa ni Bungoma. Alikuwepo Mama Shiru, jirani yao wa mlango wa pili, jina lake la ubatizo ni Grace, yeye ndiye aliyekuwa mdomo kati yangu na Wafula. Alikuwepo nesi Mueni wa wodi ya wanawake. Paskali, mtoto wa marehemu dada yangu Agatha, yule mchuuzi wa vitunguu, alinifikisha mpaka Namanga akarudi. Kwa hiyo yote aliyowasimulia ya mbele ya Namanga aliyasikia kwenye simu tu.

Naandika kwa sababu mmeniuliza. Monika, uliniuliza tukiwa bombani. Mama Yustina, uliniuliza baada ya sala ya jumuiya, ukanishika bega. Kaka yangu Damiani hakuniuliza, amekwisha kujijibu mwenyewe. Anasema mkwe alinizuia nisimwone mwanangu akiwa hai, na ameita kikao cha ukoo Jumapili. Nataka haya yasomwe kabla kikao hakijaanza. Nimeishia darasa la nne, kwa hiyo msitafute nukta, tafuteni maneno.

Ikungi mpaka Arusha

Simu ilipigwa na Mama Shiru. Wafula hawezi kunipigia mimi, nitaeleza mbele kwa nini. Mama Shiru alisema, "Shosho wa Tanzania, mimi ni jirani ya Anjelina. Amelazwa. Kuna uvimbe kwa tumbo, watampasua. Anakuita." Shosho ndiyo bibi kwao. Nikauliza ni lini watampasua. Akasema, "Wakimaliza sikukuu. Njoo tu."

Mwezi wa kumi na mbili ndio mwezi wa kupanda, mnajua wenyewe. Shamba la chini lilikuwa limekwisha kulimwa linangoja mvua. Nililiacha. Nilifunga asali ya Rungwa aliyoniletea shemeji Daudi, mlenda mkavu mfuko mmoja, kuku wawili, na doti ya kanga mpya nikaivaa. Tarehe saba alfajiri mimi na Paskali tulikuwa Singida mjini tunapanda basi la Arusha.

Anjelina nilikuwa sijamwona miaka sita, tangu tulipomzika baba yake. Siku ile Wafula alikuja naye, lakini alikaa na wanaume kule nje kwenye turubai, na mimi nilikuwa ndani na wanawake. Uso wake sikuuona. Nilikuwa na mkwe wa miaka tisa ambaye ningepishana naye sokoni nisimjue.

Basi lilikufa Dareda, kabla ya Babati. Lilitoa moshi, likanguruma kama ng'ombe aliyemeza kamba, likakaa kimya. Kondakta alikuwa anaitwa Saidi. Alisema, "Dakika kumi tu, wazee wangu." Alisema hivyo mara nane, na kila mara akiwa na mafuta zaidi usoni. Tulikaa saa tano pale kando ya barabara. Mwanamke mmoja wa nyumba ya jirani, Mama Hhando, alinitolea kigoda na bakuli la makande.

Akanitazama kanga akasema, "Bibi unakwenda harusini."

Nikamwambia, "Nakwenda kumwona mgonjwa."

"Na kanga inanukia duka hivyo?"

"Mgonjwa ni mwanangu. Sikutaka anione nimechakaa, akadhani ni yeye amenichakaza."

Aliacha kucheka. Akaniongezea makande bila kuniuliza, akasimama nyuma yangu kunikinga jua mpaka nilipomaliza. Nilimuuliza ana watoto wangapi, akasema wanne hai.

Arusha tuliingia giza limeshika. Tulilala kwa mteja wa vitunguu wa Paskali, Mama Naimani, na sikumbuki tulichokula, jambo ambalo si kawaida yangu.

Namanga

Pale mpakani Paskali alinisindikiza mpaka mwisho wa ruhusa yake. Alikuwa na mzigo wake unaoza Arusha. Wale kuku walinikwamisha zaidi kuliko mimi mwenyewe. Mzee mmoja wa mifugo, amevaa koti jeupe, alimshika jogoo miguuni akamgeuza geuza.

"Bibi, huyu hapiti."

"Ana ugonjwa?"

"Hana ugonjwa. Hana ruhusa."

"Mimi nimeruhusiwa na ni mzee kuliko yeye."

Watu kwenye mstari walicheka, na yeye akacheka, lakini kuku hawakupita. Niliwaacha kwa mwanamke anayefagia upande wetu, Naserian. Nilimwambia awapike, asiwafuge, maana ni kuku wa mgonjwa, na kuku wa mgonjwa hawakai. Asali na mlenda vilipita.

Upande wa pili Mama Shiru alikuwa amekuja mwenyewe kunipokea, mwanamke mnene mwenye kicheko, miaka kama hamsini. Nilingoja aniamkie. Alinikumbatia akasema, "Habari ya safari, Shosho!" Kule hawasemi shikamoo. Mtoto wa miaka kumi aliniambia "Sasa, Shosho" kama tunachunga pamoja. Mwanzoni nilijisikia kama nimetoka bila kitambaa kichwani. Baadaye nilizoea, au nilichoka, sijui.

Kitengela

Sasa nieleze mwiko, kwa ajili ya wajukuu watakaosoma, maana siku hizi naona vijana wanakumbatia wakwe zao mbele ya kanisa.

Mimi nimelelewa hivi: mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawatazamani usoni, hawapeani mkono, hawali pamoja, hawaitani. Neno la huyu linapita kwa mtu wa tatu ndipo limfikie yule. Wakikutana njiani mmoja anaingia majanini. Si chuki. Ni heshima, ndiyo inayomfanya mwanao akae vizuri kule alikokwenda. Mwiko huu unaweza kufunguliwa kwa shughuli ya wazee wa pande zote mbili. Sisi shughuli hiyo hatukuifanya, kwa sababu ya umbali, kila mwaka tukisema mwakani.

Nilipofika nyumbani kwa Anjelina, vyumba viwili na sebule, nikakuta Wafula hayupo. Usiku hakurudi. Asubuhi hakuwepo. Nilimpigia Paskali nikamwambia, "Mkwe halali nyumbani." Hilo ndilo neno alilolibeba Paskali mpaka hapa, na Damiani akalipanda, likaota. Lilitoka kinywani mwangu. Lakini halikuwa limekamilika.

Maana siku hiyo hiyo Mama Shiru alinieleza. Alisema, "Shosho, kwani hujui? Kwao Bungoma mama mkwe halali nyumba moja na mkwe. Amehamia kwa karakana, analala juu ya mabati yake. Nyumba amekuachia."

Nikasema moyoni, huyu amelelewa.

Basi tukaishi hivyo. Mimi napika, Mama Shiru anampelekea karakana. Nilipika mlenda siku ya kwanza. Mama Shiru akarudi na bakuli limelambwa.

"Wafula anasema shikamoo."

"Amejuaje shikamoo?"

"Anjelina alimfundisha. Anasema hii mboga kwao wanaiita mrenda, na hajaikula hivi tangu atoke kwa mamake."

"Mwambie marahaba. Mwambie kesho nitaweka karanga."

Mama Shiru alikaa chini akaanza kucheka. "Nyinyi watu. Hatua ishirini kutoka hapa mpaka pale, na mimi nimekuwa posta."

Tarehe tisa, uhuru wetu

Tarehe tisa ndiyo siku niliyomwona mwanangu. Mama Shiru alinipeleka kwa bajaji, wao wanasema tuktuk. Kitanda namba kumi na nne, karibu na dirisha. Alikuwa amekwisha sana. Mikono imekuwa ile ya bibi yangu Nyangasi. Lakini alinitambua toka mlangoni, akasema kwa Kinyaturu chetu kwamba nimevaa kanga mpya kama bibi harusi. Watu wawili tofauti wameniambia jambo moja.

Tuliongea Kinyaturu muda wote. Wagonjwa wengine walitusikiliza kama watu wanaosikiliza mvua. Aliniuliza leo tarehe ngapi. Nikamwambia ni tisa, ni Uhuru. Akasema, "Hapa hakuna anayejua." Na kweli. Nilimwambia nesi Mueni, mwanamke mrefu, mpole, kwamba leo kwetu ni sikukuu. Akasema, "Ngoja tarehe kumi na mbili, Shosho, ndiyo yetu. Jamhuri. Siku hiyo tunafungulia wageni asubuhi mpaka jioni."

Anjelina aliomba nimsimulie ule uhuru wa kwanza. Ninyi mmeusikia mara nyingi. Mimi nilikuwa msichana mdogo. Mwalimu Elia alitupanga mstari pale shule, tukangoja bendera ipande, kamba ikakwama katikati, na mzee Mughenyi akapanda mlingoti kwa mikono kwenda kuikwamua akiwa na shuka tu. Sisi watoto hatukuangalia bendera. Tulicheka mpaka tukapigwa. Halafu tukala nyama ya ng'ombe wawili. Anjelina alicheka akashika tumbo, nikamwambia nyamaza, utajiumiza. Sasa najuta kumwambia anyamaze.

Tarehe kumi nilikwenda, tukakaa. Tarehe kumi na moja nilikwenda, saa ya wageni ikaisha haraka. Kengele ilipolia alinishika mkono hakuuachia.

Akasema, "Mama, kesho njoo asubuhi, kabla ya watu. Kuna neno nataka kukuambia. Kabla hawajanipasua, nataka uwe nalo."

Nikamwambia, "Liseme sasa."

Akamtazama Mueni amesimama mlangoni na kengele yake. "Si la kusema nikikimbizwa. Kesho."

Nikatoka. Haya ndiyo niliyokwenda nayo kulala tarehe kumi na moja: kwamba mwanangu ana neno langu, na kwamba nitalipata asubuhi.

Tarehe kumi na mbili, uhuru wao

Mama Shiru alikuwa ameniambia atanipeleka mapema; kwamba baadaye angekwenda kwao Murang'a kula sikukuu, hakunitajia. Lakini kaka zake walikuja na gari alfajiri, wanamharakisha. Alinigongea dirishani, mimi nilikuwa bafuni kule nyuma ya ua. Hakunipata. Akampigia Wafula akamwambia, "Mpeleke Shosho." Akaondoka na moyo mweupe. Kwao hawana mwiko huu, aliona amemaliza.

Mimi sikujua lolote. Nilivaa, nikapika uji wa uwele, nikautia kwenye chupa ya chai, nikakaa sebuleni kwenye ncha ya kiti namngoja Mama Shiru. Ilikuwa yapata saa tatu.

Nje kulikuwa na sikukuu. Nyumba zote zimewasha televisheni pamoja, matarumbeta yanatoka kila ukuta, kisha sauti ya mkubwa wao anahutubia. Pikipiki zinapita na bendera. Harufu ya nyama ya kuchoma ilikuwa imeanza asubuhi ile ile. Ndege za jeshi zilipita juu, mabati yakatetemeka, watoto wakashangilia. Sijui ni kwa nini, nilijisikia kama mtu aliyeketi kwenye kilio cha jirani asiyemjua, ila hapa kilikuwa kicheko.

Nikasikia geti. Nikasikia kikohozi cha mwanaume.

Nilijua ni yeye. Hakuna mwingine ambaye angekohoa namna ile, kikohozi cha kusema nipo, jitengenezeni. Nikainuka na chupa yangu ya uji, nikaingia chumbani, nikarudisha mlango, nikaweka komeo.

Alifika mpaka barazani. Akakohoa mara ya pili, na ya tatu. Halafu akasema, taratibu, kama anaongea na ukuta, "Shikamoo."

Nikaitikia. Nawaapia niliitikia. Lakini nilikuwa na kanga mdomoni, na zile televisheni, na matarumbeta. Marahaba yangu haikufika hata kwenye tundu la kitasa.

Alisimama kidogo. Kisha nikasikia nyayo zake zinarudi getini.

Sasa oneni tulivyokuwa. Yeye alidhani Mama Shiru ameniambia, kwamba najua gari ni la kwangu, na nikishakuwa tayari nitatoka kwa wakati wangu. Akaenda kukaa ndani ya gari barabarani, amegeuzia nyumba kisogo, ili nitoke nisimwone. Mimi nilidhani amekuja kuchukua kitu chake, akanikuta, akaondoka kwa heshima. Nilipofungua komeo nikachungulia getini, niliona gari dogo jeupe na kisogo cha mwanaume ndani. Nikasema, kumbe naye anamngoja Mama Shiru, ndipo atupeleke wote. Nikarudi ndani. Ningewezaje kwenda kuingia kwenye gari la mkwe, peke yetu wawili, bila mtu wa kati?

Nilipiga simu ya Mama Shiru. Haipatikani. Nilipiga tena. Namba nyingine ya Kenya sikuwa nayo. Namba ya mkwe nitaiwekea nini? Nilitazama majirani, wote milango imefungwa, wamekwenda kula sikukuu. Mwanamke mmoja alipita na sufuria, nikamsimamisha nikamuuliza Mama Shiru yuko wapi. Akasema, "Leo ni Jamhuri, Mama, watu wameenda mashambani." Nikadhani anasema wamekwenda kulima. Nikashangaa, watu gani hawa wanalima siku ya uhuru. Kumbe shamba kwao ni nyumbani kwa wazazi. Nikaendelea kungoja arudi na jembe.

Saa nne, saa tano, saa sita. Kila nikichungulia, gari lipo. Mara moja nilimwona ametoka, amesimama ameegemea bati la gari, anatazama chini. Ni kijana mrefu, mabega yameinama kwa kazi. Hakugeuka. Nilirudi ndani haraka.

Saa saba simu ililia. Mama Shiru.

"Shosho, Anjelina anaendeleaje?"

"Nakungoja unipeleke."

"Shosho. Wafula yuko barabarani na gari tangu asubuhi. Mimi niko Murang'a. Toka sasa hivi. Toka, Mama."

Nilitoka. Mlango wa nyuma wa gari ulikuwa wazi tayari. Nikaingia, nikakuta kati ya viti vya mbele na vya nyuma ametundika leso, ile kanga, ameibana kwa vibanio vya kuanikia nguo, juu mpaka chini, ili nikae kwa heshima yangu. Alikuwa ameitundika tangu saa tatu. Mimi nyuma ya leso, yeye mbele ya leso. Hakuniambia neno. Aliliambia gari, "Haya, twende."

Barabara ilifungwa. Kulikuwa na msafara wa watoto wa shule na pikipiki, na nyuma yao magari ya wakubwa. Tulikaa pale mpaka leso ikaanza kulowa jasho langu, maana nilikuwa nimeweka paji la uso juu yake. Nilimsikia upande wa pili anapumua. Ningeweza kusema neno. Kitambaa kile ni chepesi, hata mnong'ono ungepita.

Hospitali tulifika saa tisa. Kitanda namba kumi na nne kilikuwa na shuka jipya.

Mueni alinishika mikono yote miwili. "Wamemchukua saa nane, Shosho. Alianza kutoka damu, hawakuweza kungoja kesho."

"Aliniulizia?"

"Kila nikipita. Alikuwa anaangalia mlango."

"Aliacha neno?"

"Nilimwambia, niambie mimi nitamwambia. Akasema hapana, hilo halisemeki kwa Kiswahili."

Wafula alikuwa amesimama nyuma yangu, uso kwa ukuta. Alisikia.

Walimtoa kwenye upasuaji jioni. Alikuwa hai. Tulikaa naye kwa zamu, mimi nikitoka Wafula anaingia, hatukukutana kitandani hata mara moja. Anjelina hakufumbua macho, hakufungua mdomo. Nilimwambia kwa Kinyaturu kwamba nimekuja, alitoe lile neno. Nilimwambia mara nyingi. Tarehe kumi na nne asubuhi, zamu yangu, aliacha kupumua.

Bungoma

Damiani, ulinipigia ukasema tumlete. Ulisema vizuri, na ulikuwa na haki. Mimi ndiye niliyekataa, na mmeniuliza kwa nini hatukuzika hapa. Wafula alimtuma Mama Shiru aniulize napenda iwe wapi, akasema nikitaka Ikungi atamleta mpaka Ikungi. Nikamjibu azikwe kwa mumewe. Sikuwa na uso wa kumnyang'anya na kaburi pia.

Safari ya Bungoma ni ndefu, na niliipita kama mtu aliyefunikwa gunia. Mama yake Wafula, Roselida, alinilaza kwa jirani, kwa mwiko wao, akaniletea maji ya kuoga yeye mwenyewe. Hatukuwa na lugha nzuri. Alikuwa na Kiswahili kidogo, mimi nilikuwa nimeishiwa changu. Tulikaa tumeshikana vidole. Tulimzika kwenye shamba lililokwisha kuvunwa, mabua makavu yamesimama. Nilitupa udongo. Mtu alinipa chai ya maziwa nikashindwa kuimeza, nikairudisha, na wakadhani nimeidharau. Roselida akawaambia waniache.

Kurudi

Wafula alinirudisha mpaka Namanga. Safari hii Mama Shiru alikuwa kati yetu kwenye gari, analia bila sauti. Pale mpakani Wafula alibeba mfuko wangu, akatangulia hatua kumi mbele yangu bila kugeuka, mimi namfuata. Kwenye mstari aliuweka chini. Alikaa amenipa kisogo. Kisha akasema, bila Mama Shiru, mwenyewe, kwa sauti ya mtu anayesema na mfuko:

"Ningegonga kwa nguvu."

Hilo ni neno la kwanza alilonielekezea mimi, ukiacha ile shikamoo. Nilitafuta la kumjibu. Nililitafuta kweli, lipo mahali, nilikuwa karibu kulipata. Askari akaniita, "Bibi, songa," watu wa nyuma wakanisukuma, na nilipogeuka nilikuwa upande wetu, yeye ameshatembea.

Basi, Damiani na ndugu wote, msifanye kikao cha kumshitaki. Wafula hakunifungia mlango. Mlango niliufunga mimi, na komeo niliweka mimi, na yeye alikuwa barabarani na leso yake. Kama mnataka kikao, kifanyeni cha kuwafungulia wakwe wote waliobaki katika ukoo huu, shughuli zile tulizozisogeza mwakani, zifanyike kabla mvua hii haijaisha. Na mtu mmoja atumwe Kitengela, amwambie Wafula kwamba niliitikia. Amwambie nilisema marahaba.

Majina nimeyaandika kama nilivyoyasikia. Kama yule kondakta hakuwa Saidi, Paskali anisahihishe. Mama Shiru nimemtumia nakala, aseme kama saa aliyonipigia ilikuwa saba au ilikuwa imepita, na kama nimemwekea maneno ambayo si yake. Mueni akiipata, anikumbushe alichosema Anjelina neno kwa neno, hata kama kinauma kuliko nilivyokiandika. Mnisahihishe popote. Lakini zile saa nne nilizokaa ndani, msije mkaniambia zilikuwa mbili ili kunituliza. Hizo nilizihesabu mwenyewe.